Maji ya mifugo malishoni pasipo na bomba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafuga ng'ombe na mbuzi Kongwa, mkoani Dodoma, Tanzania, na bomba la mtandao liko mbali sana na malisho yetu. Tangu nijenge birika la kwanza, wafugaji wenzangu hunisimamisha mnadani na kuniuliza yale yale, nami nimeyakusanya hapa. Nikisema birika, namaanisha pale mnyama anapoinamisha kichwa anywe. Wengine huita mbauti, wengine hori la maji. Nikisema lambo, msomaji wa Kenya asome silanga.

## Mambo ya mwanzo

1. Mifugo yangu inahitaji maji kiasi gani kwa siku?

Ng'ombe wa kienyeji aliyekomaa hunywa lita 25 hadi 40. Ng'ombe wa maziwa ni habari nyingine: anaweza kufika lita 60 hadi 100, kwa kuwa maziwa yenyewe karibu asilimia 87 ni maji, na ukimpunja maji unaiona hasara kwenye ndoo ya kukamulia jioni ile ile. Mbuzi na kondoo piga lita 4 au 5, punda 15 hadi 20. Ngamia hukaa siku nyingi bila kunywa, kisha siku akifika kisimani anaweza kumaliza zaidi ya lita 100 kwa mara moja.

Usipige hesabu zako masika. Wakati ule majani mabichi yana maji mengi ndani yake na ng'ombe huligusa tu birika. Piga hesabu ya Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kama makuti na mnyama ametembea juani kutwa. Mfano nitakaoutumia ukurasa mzima ni huu: ng'ombe 40 kwa lita 40 ni lita 1,600, mbuzi 60 kwa lita 5 ni 300, jumla 1,900. Ongeza kidogo kwa ajili ya kumwagika na kuzaliana, tuseme lita 2,300 kwa siku.

2. Wazee walipeleka mifugo mtoni na lamboni. Kwa nini nihangaike na birika?

Mnyama akiingia majini anakojoa humo, anakunya humo, na anakivuruga kile atakachokunywa kesho. Kwenye maji yaliyotuama na majani ya kingo zake kuna konokono wanaoeneza minyoo ya ini, na kuna ruba. Lambo likianza kupungua, pembeni hubaki tope zito, na ng'ombe aliyedhoofu kwa njaa akinasa pale hatoki mwenyewe. Nimewahi kusaidia kumvuta mtamba kwa kamba tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Tulimtoa akiwa hai, lakini hakusimama tena.

Na wazee wenyewe hawakuwa wote wakiingiza mifugo majini. Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wana visima virefu ambamo watu hupanga mstari kuanzia chini hadi juu, wakipokezana ndoo huku wakiimba, na maji humwagwa kwenye birika la udongo. Mnyama hakikanyagi kisima hata siku moja. Tunachofanya sisi kwa pampu na bomba ni kazi ile ile.

3. Nianzie wapi kuchagua njia?

Simama pale unapotaka birika liwe, ujiulize maji yako wapi ukilinganisha na ulipo. Yakiwa juu yako, yateremke yenyewe (swali la 5). Yakiwa chini ardhini, sola (swali la 7). Yakiwa mtoni hapo chini na yanatiririka mwaka mzima, kuna pampu isiyotumia umeme wala mafuta (swali la 10). Mto ukiwa mkavu lakini wa mchanga, usiukatie tamaa (swali la 11). Kusomba kwa punda au trekta (swali la 13) kuwe njia ya mwisho au ya dharura.

Mahali penyewe pasiwe mbali mno na majani. Ng'ombe hulisha sana karibu na maji, kwa hiyo birika moja likiwekwa kwenye kona ya eneo kubwa, kona ile itabaki vumbi na upande wa pili majani yatazeeka bila kuliwa.

4. Pampu yangu inatoa maji ya kutosha siku nzima. Tanki la nini tena?

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mifugo hainywi siku nzima. Inakuja pamoja, saa sita mchana au jioni, na kila ng'ombe mwenye kiu hunywa lita 10 hadi 20 kwa dakika. Ng'ombe 40 wanaweza kutaka lita 1,600 ndani ya saa moja. Pampu inayotoa lita 2,300 kwa saa sita za jua inatoa chini ya lita 400 kwa saa. Hesabu ya siku inakubali, hesabu ya saa inakataa.

Kaa jioni moja kando ya birika lisilo na tanki utazame. Madume na majike makubwa yanatangulia, yanakunywa hadi chini, kisha yanasimama pale pale yakilamba unyevu. Nyuma kuna mtamba mwembamba anayenyoosha shingo juu ya migongo ya wenzake na kurudi nyuma kila anapotishiwa pembe. Wakubwa wanapoondoka, kundi lote linaondoka, naye analifuata bila kunywa. Kesho ni hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili unasema ana ugonjwa. Mimi napimia mfumo wa maji kwa mnyama huyu wa mwisho.

Tanki liweze kushika maji ya siku tatu, maana pampu huharibika na mawingu hukaa. Kwa mfano wetu ni lita 7,000 hivi. Matanki mawili ya lita 5,000 ni bora kuliko moja la 10,000, kwa kuwa moja likipasuka unabaki na la pili.

## Kuyafikisha maji

5. Chemchemi yangu iko juu ya malisho. Yanaweza kuteremka bila pampu?

Yanaweza, na hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo. Kila mita 10 za kimo zinakupa msukumo wa bar 1. Jenga kisanduku cha zege kwenye chemchemi, weka chujio kwenye mdomo wa bomba, na zungushia uzio mifugo isifike pale.

Tatizo la kila siku ni hewa. Bomba likipanda mgongo mdogo katikati ya safari, hewa inajikusanya juu ya mgongo na maji yanakata ingawa chemchemi imejaa. Pitisha bomba likiteremka moja kwa moja. Ikishindikana, weka koki ndogo juu ya kila mgongo ya kutolea hewa.

6. Bomba liwe la ukubwa gani?

Kubwa kuliko unalotaka kununua. Chukua lita 12 kwa dakika kwenye mita 400 za bomba jeusi la plastiki, lile linalouzwa kwa rola. Bomba lenye uwazi wa milimita 20 ndani litakula karibu mita 10 na nusu za kimo kwa msuguano tu. Lenye uwazi wa milimita 26 litakula mita 3. Tanki lako likiwa mita 6 juu ya birika, bomba la kwanza haliwezi kabisa kukupa lita hizo, la pili linakupa na chenji inabaki. Uwazi wa bomba ukiongezwa mara mbili, maji yanayopita huongezeka kama mara sita.

Lifukie angalau sentimita 45. Bomba jeusi likilala juani hupasha maji joto, na ng'ombe hapendi maji ya moto. Tena kwato na moto wa nyika havilisamehi.

7. Nahitaji sola ya wati ngapi?

Usiulize urefu wa kisima. Uliza maji yako kina gani pampu ikiwa inavuta, kisha jumlisha kimo hadi mdomo wa tanki na msuguano wa bomba. Kisima cha mita 90 kinaweza kuwa na maji kwenye mita 45.

Tuseme jumla ni mita 60 na unataka lita 2,300. Kuyainua maji hayo kunahitaji nishati kama wati-saa 376. Pampu na kidhibiti chake hupoteza nyingi, kwa hiyo hesabu kama 1,075. Ukiwa na saa 5 za jua kali, na paneli zenye vumbi na joto ambazo hazitoi zote zilizoandikwa kwenye karatasi, unapata wati 290 hivi. Mimi ningefunga 600. Paneli ndiyo sehemu ya bei nafuu katika mfumo huu, na siku ya mawingu ndiyo utakayoikumbuka hesabu hii.

Betri usinunue. Hifadhi maji tankini, ndiyo betri yako. Lakini nunua swichi ya kuizima pampu kisima kikikauka, maana pampu ikizunguka bila maji inaungua mapema.

8. Vipi pampu ya petroli?

Inafaa kama akiba, au kwa anayevuta mara moja kwa wiki. Kila siku, mafuta yatakumaliza.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote: usiishushe pampu ya petroli ndani ya kisima, na usimruhusu mtu ashuke kisimani injini ikiwa inanguruma humo au imetoka kuzimwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo hujikusanya humo ndani. Mtu wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa naye anaanguka. Hivyo ndivyo familia zinavyopoteza watu wawili au watatu kwa mchana mmoja.

9. Pampu imekaa juu ya kisima cha mita 9, inanguruma lakini haitoi maji. Mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Pampu iliyokaa juu haivuti maji; inaondoa hewa kwenye bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Pwani uzito huo unatosha mita 10 kwa hesabu, na kama 7 kwa vitendo. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari unapoteza kama mita moja, kwa hiyo mtu wa Njombe asitegemee zaidi ya mita 5. Zaidi ya hapo, pampu lazima izame ndani ya maji na kusukuma kutoka chini. Kina kikiwa kidogo na bado haitoi, kagua kama bomba la kunyonyea linavuja hewa kwenye maungio.

10. Mto unatiririka hapa bondeni, sina sola wala hela ya mafuta. Kuna njia?

Kuna hidramu, pampu inayoendeshwa na maji yenyewe. Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier ndiye aliyeibuni mwaka 1796, yule yule aliyerusha puto la hewa moto pamoja na ndugu yake. Maji yanateremka kwa kasi kwenye bomba la chuma, valvu inafunga ghafla, na ule mgoto unaoupata unarusha sehemu ndogo ya maji juu kabisa. Kisha valvu inafunguka tena. Inagonga tak, tak, tak, mchana na usiku, miaka na miaka, mradi ubadilishe mpira wa valvu.

Mto ukikupa lita 60 kwa dakika na mteremko wa mita 2, utapandisha kama lita 3.6 kwa dakika hadi mita 20 juu. Inaonekana kidogo, lakini kwa siku ni lita 5,000, zaidi ya mara mbili ya mfano wetu. Yale mengine yanarudi mtoni. Kwa watu wa Usambara, Uluguru na Njombe, wenye vijito visivyokauka, naona ajabu kwamba hazijaenea zaidi. Kwetu Kongwa mito haituruhusu.

11. Mto wetu ni mchanga mtupu kiangazi. Hakuna kitu humo?

Mara nyingi kipo. Mchanga mnene hushika maji katikati ya chembe zake, na yakishakuwa kina cha mita moja hivi jua haliyapati tena. Wenye mifugo wamechimba visima vya mchangani tangu zamani. Ukitaka kudumu, fukia pete za zege kwenye ukingo wa mto, mahali mwamba ulipo karibu, au laza bomba lenye matundu chini ya mchanga lielekee kisimani ukingoni. Ukambani, huko Kitui na Machakos, watu wamejenga kuta za zege kukata mito ya namna hii. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga.

Mchanga wenye chembe kubwa hutoa maji, ule laini kama unga huyashikilia. Na usichote mchanga wa kujengea hapo hapo unapotegemea maji.

12. Maji ya mvua ya paa yanatosha?

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80, mvua ya milimita 550 kwa mwaka, toa sehemu inayopotea, unabaki na lita 35,000 hivi. Kwa kundi letu la mfano ni siku 15 tu. Lakini kwa ndama 10 wanaobaki nyumbani, wakinywa lita 15 kila mmoja, ni zaidi ya miezi saba. Wape hao.

13. Nasomba kwa mkokoteni wa punda. Nifanyeje iwe rahisi?

Lita 1,000 ni tani nzima. Hiyo ni mizigo mingi ya punda, na punda naye anakunywa. Kama kuna trekta, yale matanki ya plastiki yaliyozungushiwa wavu wa chuma yanafaa juu ya trela, ila uliza kilichokuwamo kabla ya kuyanunua (swali la 18). Tanki la trela lijae kabisa au liwe tupu kabisa unapopita kwenye mteremko wa ubavuni, maana lililo nusu maji yanacheza na kulipindua. Weka tanki la kudumu malishoni ulijaze, usisubirishe trekta mifugo inywe.

14. Nimeona Ulaya ng'ombe wanajipampia wenyewe kwa pua. Inafanya kazi huku?

Inafanya kazi kwenye maji ya kina kifupi, kwa ng'ombe wachache. Ng'ombe anasukuma ulimi wa chuma kwa pua na kupata kama nusu lita kila msukumo. Ndama hawawezi, mbuzi hawawezi, na kundi lenye kiu halina subira hiyo.

## Birika lenyewe

15. Vipimo vya birika ni vipi?

Kwa ng'ombe, ukingo uwe sentimita 50 hadi 60 kutoka chini. Kwa mbuzi na kondoo 30 hadi 35. Ukiwa na wote, jenga mawili, maana mbuzi wataparamia lile la ng'ombe na kunya ndani. Mpe kila ng'ombe anayekunywa sentimita 60 za ukingo. Birika la mita 3 linalofikika pande zote mbili linanywesha kumi kwa mpigo. Kina cha sentimita 40 kinatosha. Birika la kina kirefu ni gumu kusafisha, na mwana-mbuzi akitumbukia hatoki. Weka tundu la kumwagia maji chini kabisa, lenye kizibo.

16. Boya langu halijazi birika haraka, au linavunjika. Nini tatizo?

Haya ni matatizo mawili. La kwanza ni aina ya boya, yaani ile koki inayojifunga yenyewe birika likijaa. Maboya mengi ya madukani ni ya msukumo mkubwa wa bomba la mjini, na tundu lake ni dogo kama punje ya mtama. Tanki lililo mita 2 juu ya birika lina msukumo wa bar 0.2 tu, na kwenye tundu lile maji yanatoka kama uzi. Omba boya la msukumo mdogo, lenye tundu pana, na bomba la inchi moja kasorobo au zaidi kati ya tanki na birika.

La pili ni ng'ombe wenyewe. Mwaka wangu wa pili niliamka alfajiri nikasikia maji yakichuruzika mahali pasipopaswa. Dume lilikuwa limejikuna shingo kwenye mkono wa boya ukapinda, na tanki la lita 5,000 lililojazwa jana lilikuwa limemwagika lote usiku. Ng'ombe wamesimama kwenye tope hadi magotini, birika limejaa, tanki tupu. Tangu siku hiyo boya langu linakaa kwenye chumba chake mwishoni mwa birika, kimetengwa kwa ukuta wenye tundu chini na kufunikwa kwa mfuniko wa zege ambao mtu mmoja anauinua kwa shida. Weka pia koki kabla ya boya, ili ulitengeneze bila kumwaga tanki.

17. Kuzunguka birika pamekuwa bwawa la tope.

Panga mawe na kuyashindilia kwa changarawe, au mwaga zege lenye uso usioteleza, upana wa mita 3 kila upande, na mteremko wa kuyaondoa maji. Tope huozesha kwato. Maji yanayofurika yapeleke kwa bomba hadi kwenye miti, mbali.

18. Nijenge kwa nini: saruji, plastiki, pipa?

Matofali na saruji hudumu miaka mingi ukimwagilia vizuri siku za kwanza ili yasipasuke. Tairi kuukuu la trekta au la mtambo mkubwa, lililokatwa upande mmoja na kuzibwa katikati kwa zege, ni birika bora sana: pembe haziliharibu, na kwa nyati wa kufugwa au ng'ombe wakorofi silijui la kulishinda. Pipa lililopasuliwa linafaa kwa mbuzi, mradi kingo zake zikunjwe zisikate midomo.

Pipa au tanki lililobeba dawa za shamba au kemikali za kiwandani usilitumie, hata ukiambiwa limeoshwa mara kumi.

19. Ukungu wa kijani unaota. Niweke dawa gani?

Kwanza brashi. Mwaga, sugua, jaza upya, kila wiki wakati wa joto. Kivuli juu ya birika hupunguza ukungu sana, ila usiliweke chini ya mti wenyewe, kwani majani na kinyesi cha ndege huanguka ndani. Mrututu (ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu), ambao wengine huupendekeza, ni sumu kwa kondoo hata kwa kiasi kidogo; mimi siutumii. Lamboni, ukiona utando wa kijani kibichi kama rangi iliyomwagika, na wanyama wanakufa ghafla karibu na maji, waondoe mara moja na umwite daktari wa mifugo.

## Maji yenyewe na watu

20. Kisima kimetoka na maji ya chumvi. Mifugo itakunywa?

Yapime maabara. Chumvi zote zilizoyeyuka zikiwa chini ya miligramu 3,000 kwa lita hakuna shida kubwa. Kati ya 3,000 na 5,000 mifugo isiyoyazoea itaharisha siku za kwanza. Juu ya 7,000 usiwape wenye mimba, wanaonyonyesha na ndama. Juu ya 10,000 yaache. Ngamia na mbuzi huvumilia zaidi ya ng'ombe.

Pima pia floraidi, hasa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Ikizidi miligramu 2 kwa lita, huoni kitu mwaka wa kwanza. Baada ya miaka meno ya ng'ombe yana madoa ya kahawia na yamelika, na anachechemea. Kuchanganya na maji ya mvua kunasaidia.

21. Lambo langu lilijaa Aprili, Agosti limekauka. Linavuja?

Labda, lakini hesabu jua kwanza. Kiangazi linaweza kunyonya milimita 6 kwa siku. Lambo lenye uso wa mita za mraba 1,000 linapoteza lita 6,000 kila siku, wakati kundi letu la mfano linakunywa 2,300. Kwa hiyo chimba kina, usichimbe upana. Zungushia uzio na uyatoe maji kwa bomba hadi kwenye birika nje ya ukingo.

22. Nahitaji kibali?

Tanzania Bara ina mabonde 9 ya maji, na kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya bonde lako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Sisi Kongwa tuko Wami/Ruvu. Kisima kirefu kichimbwe na mwenye leseni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au bwawa, kwa hiyo birika lijengwe nje ya hapo. Kenya, nenda Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Anzia ofisi ya kijiji, maana huko ndiko mgogoro utakakorudi.

23. Majirani wanaleta mifugo yao kwenye birika langu.

Mwaka wa ukame huwezi kumkatalia mtu maji, wala usijaribu. Kenya ilipokosa mvua misimu 5 mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Kilichookoa mingine ni watu kukubaliana. Pangeni zamu, mchango wa ukarabati, na nani anasafisha, mvua ikiwa bado inanyesha. Makundi yasichanganyike birikani kwa wakati mmoja: homa ya mapafu ya ng'ombe, miguu na midomo, na sotoka ya mbuzi na kondoo husambaa hapo. Jenga birika la pili la nje ya uzio, lililounganishwa na tanki lile lile.

## Hali zisizo za kila siku

24. Tembo wanafukua bomba.

Watu wa Simanjiro, Longido na pembezoni mwa Amboseli wanalijua hili vizuri. Tembo hunusa maji kwenye kila maungio yanayovuja. Tumia rola moja lisilo na maungio kwenye njia zao, ulifukie mita moja, na uzungushie tanki ukuta mnene wa mawe, kama wanavyofanya wafugaji wa kaskazini-magharibi mwa Namibia. Wanaoweza huwawekea tembo dimbwi lao, mbali na kisima.

25. Pampu iliharibika, mifugo imekaa siku mbili bila maji. Sasa imetengenezwa. Nifungulie tu?

Hapana. Ondoa kwanza jiwe la chumvi, maana mnyama aliyelamba chumvi bila maji anaweza kupata sumu ya chumvi. Kisha mpe kidogo kidogo: lita chache, subiri nusu saa, rudia. Walinde ndama kuliko wote. Ndama mwenye kiu kali akijijaza maji kwa mkupuo, chembe za damu hupasuka, anakojoa mkojo mwekundu, na anaweza kupata degedege. Watu hudhani ni ule ugonjwa wa kupe wa kukojoa damu na kumchoma sindano isiyohusika. Mweleze daktari kwamba alikuwa na kiu.

26. Nyuki wamevamia birika, ng'ombe wanaogopa kusogea.

Kiangazi nyuki nao wanatafuta maji. Wawekee beseni pana lenye kokoto, maji yakifika nusu ya kokoto, hatua 50 hivi kutoka birikani upande wa mizinga, na lianze kabla hawajazoea birika lako. Birikani weka kijiti kinachoegemea ukingo, ili nyuki au ndege aliyetumbukia apande. Beseni lile lisikauke hata siku moja. Likikauka, watarudi birikani kabla ya saa nne.